SOMO LA WANACHAMA: Aina Mpya ya Mmea Utambaao, na Jinsi Inavyozaliwa, Inavyozidishwa na Inavyomilikiwa

Katika ofisi nyingi za mijini, juu ya kabati la majalada au pembeni mwa dirisha, huonekana chungu chenye mmea unaoning'inia, wenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yaliyochanganyika na manjano au weupe. Mmea huo haudai mengi. Huvumilia kivuli, hustahimili kusahauliwa siku kadhaa bila maji, na ukikatwa kipande kikatiwa ndani ya gilasi ya maji hutoa mizizi. Wafanyabiashara wa mimea ya nyumbani huuita pothosi. Wataalamu wa mimea waliupa jina hilo la Pothos mwaka 1880, kisha mwaka 1964 wakauhamishia katika kundi jingine na kuuita Epipremnum aureum. Lakini biashara haikufuata wataalamu, na jina la kwanza limebaki sokoni hadi leo.

Mwanachama anayelima kahawa au muhogo huenda akauliza pambo la dirishani linamhusu nini. Jibu ni kwamba mmea huu unaonyesha waziwazi, pengine kuliko zao lolote la shambani, jambo ambalo kila chama chenye kitalu lazima kilijue: aina mpya ya mmea inaweza kutoka katika jicho moja tu la shina, jicho hilo linaweza kupotezwa kwa uzembe wa msimu mmoja, na linaweza kuwa na mwenyewe kisheria.

Asili ya pothosi ni kisiwa cha Mo'orea, katika visiwa vya Polinesia vilivyo chini ya Ufaransa, kwenye Bahari ya Pasifiki. Ni wa jamii moja na magimbi, na kama magimbi mabichi, utomvu wake huwasha mdomo na ngozi. Kwa hiyo usiwekwe mahali ambapo mtoto au mbuzi aweza kuutafuna. Msituni hupanda juu ya miti mikubwa, na kadiri unavyopanda ndivyo majani yake yanavyokuwa makubwa na kupasuka pasuka. Ukiachwa uning'inie kutoka chunguni bila egemeo, majani hubaki madogo na mazima. Yule mwenye majani ya kiganja aliyemo ofisini na yule mwenye majani mapana kama ungo aliyekumbatia mti ni mmea ule ule.

Jambo la ajabu katika pothosi ni kwamba karibu hautoi maua kabisa. Taarifa ya mwisho inayojulikana ya mmea huu kuchanua wenyewe ni ya mwaka 1964. Mwaka 2016 watafiti walionyesha sababu: kuna kasoro katika chembe moja ya urithi inayohusika na kutengeneza jiberelini, homoni ambayo bila hiyo pothosi hauwezi kuanza kufanya ua. Waliponyunyizia homoni hiyo kutoka nje, maua yalitoka. Yafaa mkulima alifikirie jambo hili kidogo. Mtafiti wa kahawa huchukua chavua ya mti huu na kuipaka kwenye ua la mti ule. Ndivyo ilivyopatikana kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985. Mtafiti wa pothosi hana ua la kupaka. Hakuna ndoa, hakuna mbegu, hakuna kizazi cha kuchanganya damu. Basi aina mpya zitatoka wapi?

Zinatoka katika ajali ndogo za mwilini mwa mmea wenyewe. Chembe moja ndani ya jicho la shina hubadilika urithi wake, na chipukizi linaloota kutoka jicho hilo hutofautiana na shina lililolizaa. Mara nyingi badiliko hilo halina faida, au chipukizi hufa. Mara chache sana jani hutoka na rangi ambayo haijapata kuonekana. Kwa njia ya namna hii ilipatikana zamani ile aina iitwayo 'Marble Queen', yenye majani ya kijani yaliyopigwa mistari na madoa meupe kama marumaru. Nayo 'Marble Queen' imezaa watoto wake. Mnamo mwaka 2002, katika kitalu kimoja nchini India, lilionekana chipukizi lenye majani madogo na mabaka meupe yaliyokatwa waziwazi na kijani. Likatengwa, likazidishwa, na sasa linauzwa duniani kwa jina la 'N'Joy'.

Aina nyingine ilipatikana kwa kuitafuta, si kwa kuiokota. Huko Apopka, katika jimbo la Florida, Marekani, mji ambao kwa muda mrefu umejivunia kuwa makao makuu ya biashara ya mimea ya majani ya ndani ya nyumba, Chuo Kikuu cha Florida kina kituo cha utafiti. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii Richard Henny, Jianjun Chen na wenzao walifanya kazi ya kuuamsha urithi wa 'Marble Queen' ubadilike kwa wingi kuliko unavyobadilika wenyewe, kisha wakatazama kilichoota. Kazi ya namna hiyo ni ya macho na subira zaidi kuliko ya mitambo. Machipukizi mengi hutupwa. Lililoteuliwa lilikuwa na majani madogo kuliko ya mama yake, meupe na ya kijani, na katika ule weupe kuna vitone vya kijani na kijivu vilivyotawanyika hasa karibu na kingo. Ukuaji wake ni wa polepole. Walilipa jina la 'UFM12', na madukani likapelekwa kwa jina la Pearls and Jade, maana yake lulu na kito cha kijani.

Hapa pana jambo la kutazamwa na kila mtunza daftari. Mmea mmoja una majina mawili, na majina hayo hayafanyi kazi moja. 'UFM12' ndilo jina la aina: limeandikwa katika hati, halibadiliki, na linautambulisha mmea popote utakapokwenda. Pearls and Jade ni jina la sokoni, lililochaguliwa ili mnunuzi avutiwe. Jina la sokoni ni alama ya biashara, nayo huwa na mwenyewe wake na masharti yake. Chama kinachoandika kwenye daftari la kitalu jina la sokoni peke yake, au vibaya zaidi "pothosi nyeupe", hakitaweza baadaye kuthibitisha kilinunua nini. Katika mimea hii kosa hilo ni rahisi mno, kwa sababu 'N'Joy' na 'UFM12' hufanana kiasi cha kuwababaisha hata wauzaji wazoefu. Anayetaka kuzitofautisha na atazame ndani ya baka jeupe: likiwa safi, huenda ni 'N'Joy', likiwa limenyunyizwa vitone, huenda ni 'UFM12'. Neno "huenda" limewekwa kwa makusudi. Jani moja si ushahidi. Ushahidi ni stakabadhi.

Sasa kuhusu kuzidisha. Shina la pothosi lina vifundo, na kila kifundo kina jani moja, jicho moja na mzizi mfupi wa hewani. Vikonyo vya biashara hukatwa kifundo kimoja kimoja, jani likiachwa na kipande kifupi cha shina juu na chini ya kifundo. Hupandwa katika udongo mwepesi usiotuamisha maji, penye joto na kivuli, jicho likiwa usawa wa udongo wala si chini sana. Mmea hupendelea joto la nyuzi 18 hadi 32 za Selsiasi; baridi ya chini ya nyuzi 10 huuchoma majani. Kufikia hapo hakuna atakachojifunza mtu aliyewahi kupanda pingili za muhogo, isipokuwa usafi wa kisu.

Ugumu uko katika weupe. Sehemu nyeupe ya jani haina umbijani wa kutosha, yaani ile rangi ya kijani ambayo kwayo jani hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Kwa hiyo jani zuri kuliko yote machoni ndilo maskini kuliko yote tumboni. Shina likitoa majani meupe tupu, vikonyo vyake huwa dhaifu na aghalabu hufa. Likitoa majani ya kijani tupu, vikonyo vyake hustawi haraka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani kikonyo cha shina lililorudia ukijani hutoa mmea wa kijani, hata kama mama wa mama yake alikuwa 'UFM12' halisi. Mfanyakazi wa kitalu asiyeelezwa jambo hili atachagua mashina yaliyonenepa, kwa nia njema kabisa, na kwa nia njema hiyo hiyo ataimaliza aina.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, ili kuonyesha kasi ya uharibifu huo. Ichukuliwe kwamba kila mmea mama hukatwa vikonyo 10 kila baada ya miezi sita, viwili hufa au hutupwa, na vinane huwa mimea mama ya awamu inayofuata. Mmea mmoja hutoa 8, kisha 64, kisha 512, na katika mwaka wa pili kutimia 4,096. Sasa ichukuliwe kwamba katika ile minane ya kwanza mmoja ulirudia ukijani na haukuondolewa, na kwa kuwa mimea ya kijani ina nguvu, vikonyo vyake vyote 10 hushika. Awamu ya pili itakuwa na mimea halisi 56 na ya kijani 10; ya tatu, 448 kwa 100; ya nne, 3,584 kwa 1,000. Mmea mmoja kati ya minane umekuwa zaidi ya mmoja kati ya mitano, bila mtu yeyote kuiba na bila mdudu yeyote kuingia. Mnunuzi aliyeagiza majani yenye lulu akipokea sanduku ambalo moja ya tano yake ni ya kijani, hatalipa nne ya tano ya bei. Atalirudisha sanduku zima.

Dawa yake ni kuwa na sehemu ya mimea mama iliyotengwa, ambayo vikonyo vya kuuza havikatwi hovyo humo, na ambayo hukaguliwa kila juma na mtu anayejulikana kwa jina, akiwa na kisu na daftari. Chipukizi lililobadilika hukatwa siku hiyo hiyo chini ya kifundo linapoanzia. Si kesho, wala si baada ya mkutano.

Usafi wa mimea mama una upande mwingine, nao ni magonjwa. Kila zao linalozidishwa kwa vikonyo hurithi maradhi ya mama yake pamoja na uzuri wake. Wakulima wa muhogo wanaufahamu ugonjwa wa batobato unavyosafiri ndani ya pingili. Pothosi nao hushikwa na kuoza mizizi, vidung'ata, na mnyauko wa bakteria. Tukio la mwaka 2003 linafaa kukumbukwa hapa, ingawa mmea uliohusika ulikuwa mwingine, yaani jeranio. Nyanda za juu za Kenya, eneo la Arusha, na Uganda karibu na Ziwa Viktoria zina mashamba yanayokata vikonyo vya maua visivyo na mizizi na kuvipeleka ng'ambo kwa ndege. Mwaka huo bakteria wa mnyauko waligunduliwa Marekani katika vikonyo vya jeranio vilivyotoka Kenya. Bakteria hao walikuwa wa aina inayoangamiza viazi mviringo, na Marekani huwahesabu kuwa hatari kwa kilimo chake. Vitalu katika majimbo mengi viliwekwa karantini, mimea ikateketezwa, na masharti ya kuingiza vikonyo vya jeranio yakakazwa. Wenye vitalu wa kule hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walinunua vikonyo vilivyoonekana vizima. Mnyauko huweza kukaa kimya ndani ya shina mpaka joto lipande.

Ndiyo sababu cheti cha afya ya mimea si karatasi ya usumbufu wa mpakani. Nchini Kenya hutolewa na KEPHIS, na Tanzania Bara na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kikonyo kilichopenyezwa ndani ya mkoba wa msafiri, hata kikiwa zawadi, hakina cheti. Na chama kinachokipokea na kukipanda kati ya mimea yake mama kinacheza kamari na mali ya wanachama wote.

Linabaki suala la umiliki, ambalo ndilo wengi hulipokea kwa mshangao. Je, mtu aweza kumiliki mmea unaoota wenyewe? Marekani ilijibu ndiyo mwaka 1930, kwa sheria ya hati miliki za mimea inayozidishwa bila mbegu. Hati ya kwanza kabisa ilitolewa mwaka 1931 kwa waridi litambaalo liitwalo 'New Dawn', nalo pia lilikuwa badiliko la ghafla la waridi lililokuwapo. Sheria hiyo iliviacha nje viazi na mimea mingine ya namna hiyo, ambayo sehemu yake inayopandwa ndiyo pia huliwa. Watunga sheria waliogopa kugusa chakula cha watu. 'UFM12' ina hati ya namna hiyo. Muda wake siku hizi ni miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, na katika muda huo kuizidisha kwa biashara huko Marekani kunahitaji leseni na malipo ya mrabaha kwa kila mmea.

Nchi nyingine zimekwenda kwa njia ya mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1961, ulioanzisha umoja wa UPOV wa kulinda aina mpya za mimea. Kenya ilijiunga mwaka 1999. Tanzania ilijiunga mwaka 2015, baada ya kutunga sheria ya Bara mwaka 2012 na ya Zanzibar mwaka 2014. Ili mgunduzi apewe haki, aina yake sharti iwe mpya sokoni, itofautiane na aina zote zinazojulikana, mimea yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, idumu na sifa zake inapozidishwa tena na tena, na iwe na jina lake. Msomaji atatambua kwamba masharti ya kufanana na kudumu ndiyo yale yale yanayovunjwa na kitalu kinachoacha machipukizi ya kijani. Sheria na kisu cha kitalu hapo vinazungumza lugha moja.

Mambo matatu hukosewa mara kwa mara katika mazungumzo ya wanachama kuhusu haki hizi. La kwanza, haki ni ya nchi kwa nchi. Hati ya Marekani haimfungi mtu wa Moshi au Limuru kwa yenyewe. Humfunga iwapo mgunduzi ameomba na kupewa haki katika nchi ya mtu huyo, au iwapo mtu huyo anapeleka mimea yake kuuza mahali ambapo haki ipo. Chama hakiwezi kujua kwa kukisia. Lazima kiulize ofisi inayohusika, kwa barua, na kutunza jibu. La pili, aina za zamani ni za wote. Pothosi ya manjano ya kawaida na 'Marble Queen' zimeuzwa miaka mingi mno kuweza kudaiwa leo, na muuzaji anayedai mrabaha kwa ajili yake aombwe aonyeshe hati. La tatu, katika mkataba wa UPOV wa mwaka 1991 mtu anayezidisha mmea kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, pasipo biashara, havunji haki. Mama aliyekata kikonyo cha jirani na kukiweka dirishani hana deni kwa yeyote. Deni huanza anapopeleka mia sokoni.

Kuna na jambo la nne, lenye ladha chungu kidogo. Endapo mfanyakazi wa kitalu cha chama ataona, katika mmea uliolindwa, chipukizi jipya zuri ambalo halijapata kuonekana, macho ni yake na ugunduzi ni wake. Lakini chini ya mkataba huo wa 1991, aina iliyochomoka kwa badiliko dogo kutoka aina iliyolindwa haiwezi kuuzwa bila ruhusa ya mwenye aina ya kwanza. Wapo wanaoona kanuni hii inawapendelea wenye maabara kubwa. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo badiliko lile lile likitokea katika 'Marble Queen', ambayo ni ya wote, hakuna wa kuombwa ruhusa. Chama chenye wafanyakazi wenye macho makali kina sababu nzuri ya kutunza safu chache za aina za zamani, hata kama bei yake ni ndogo.

Kwa mazoezi ya kikundi cha masomo, wanachama wajadili suala lifuatalo, katibu akiandika majibu. Chama kimeuziwa mimea 40 yenye majani meupe yenye vitone. Muuzaji anasema ni Pearls and Jade, hana kibandiko chochote, ila anaahidi bei nafuu kwa sababu "mmea hauna mwenyewe". Stakabadhi yake imeandikwa "maua 40". Mimea mitatu kati ya hiyo ina shina moja la kijani tupu, na mmoja una majani yanayonyauka mchana ingawa udongo una maji. Meneja anataka vikonyo vikatwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa hoteli moja imeshaagiza. Je, ni maswali gani yaulizwe kwa muuzaji, yapi kwa ofisi ya haki za wagunduzi, na yapi kwa mkaguzi wa afya ya mimea? Ile mimea mitatu ifanyiwe nini, na ule mmoja uwekwe wapi wakati majibu yanangojewa? Na nani, kwa jina, atakayeandika hayo yote katika daftari la kitalu?